Majina ya Kidachi katika Nyumba za Kashozi

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya majina ya watu. Hatutasema juu ya majina yote, maana hayo hayana mwisho. Tutachagua aina moja tu, yale yaliyozaliwa katika nchi za Wadachi na ndugu zao wa Ulaya ya kaskazini, kisha yakasafiri mpaka kando ya ziwa letu la Viktoria, yakapata makao katika migomba ya Kashozi na ya Uhaya wote.

Siku ya Jumapili, watu wakitoka kanisani Kashozi, utasikia wakiitana: Karoli, Ludoviko, Leonadi, Alfonsi, Edwadi, Burchard, Wilbrod, na kwa wanawake Getruda, Matilda, Adelaida, Frida. Ukimwuliza kijana mmojawapo maana ya jina lake la nyumbani, tuseme ni Mutalemwa, atakujibu bila kusita kwamba ndilo jina la mtu asiyeshindwa. Lakini ukimwuliza maana ya Ludoviko, atasema, "Hilo ni jina la dini," basi. Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya kweli. Jina hilo halikuzaliwa katika dini. Lilizaliwa vitani, na waliolitunga walikuwa watu wasioijua Injili. Tukiufahamu ukweli huo vizuri, tutaweza kuamua kwa haki juu ya majina tuliyoletewa na juu ya yale tuliyorithi kwa babu zetu.

Kashozi ndipo mahali pafaapo kuanzia. Katika Kihaya neno hilo ni kilima kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1892 Mapadre Weupe, wakiongozwa na Askofu Jean-Joseph Hirth, walifika huku wakitoka Buganda baada ya vita vya mwaka ule, na Kashozi pakawa misioni yao ya kwanza katika Uhaya. Wao wakapaita Marienberg, yaani Mlima wa Maria. Basi mahali hapa pakawa na majina mawili, la Kihaya na la Kidachi, na yote mawili yalinena juu ya kuinuka kwa nchi. Leo jina la Marienberg laonekana katika vitabu vya zamani tu, nalo la Kashozi lingali midomoni mwa watu. Kwa majina ya watu mambo hayakuwa hivyo: mara nyingi lile la kigeni ndilo lililotangulia mbele, na la nyumbani likarudi nyuma.

Askofu Hirth mwenyewe alizaliwa mwaka 1854 katika Alsace, nchi iliyo mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, ambayo mwaka 1871 ilitwaliwa na Wajerumani. Jina la ukoo wake ni la Kidachi, kwa maana Hirt ni mchungaji wa mifugo. Ni ajabu ndogo ya kupendeza kwamba mtu aliyekuja kulianzisha kundi la Kashozi aliitwa Mchungaji tangu tumboni mwa mama yake. Kabla yake, mwezi wa Novemba 1890, alifika Bukoba Emin Pasha, akajenga boma la Wadachi. Huyo jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, na Schnitzer ni mtu wa kazi ya kuchonga mbao. Emin si neno la Kidachi hata kidogo: ni la Kituruki lililotoka katika Kiarabu, maana yake mwaminifu.

Hata hivyo majina mengi ya aina hii hayakutufikia kwa vinywa vya maofisa wa Kidachi. Yalitujia kwa njia ya ubatizo, katika umbo la Kilatini, yakiletwa na mapadre waliotoka Ufaransa, Alsace, Uholanzi na Uswisi. Mjerumani husema Ludwig, Mfaransa Louis, Mwingereza Lewis. Lakini katika daftari la ubatizo padre huandika Ludovicus, na sisi tukasema Ludoviko. Vivyo hivyo Karl akawa Carolus, kisha Karoli. Gertrud akawa Gertrudis, kisha Getruda. Jina ni lile lile, limebadili nguo tu kila lilipovuka mpaka.

Tena mengine yalitoka Buganda pamoja na wakimbizi na makatekista. Jina la Karoli lilipendwa sana kwa ajili ya Karoli Lwanga, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, akatangazwa mwenye heri mwaka 1920 na mtakatifu mwaka 1964. Na seminari ilipowekwa Rubya mwaka 1904, ikawa haipiti miaka mingi kabla ya kuonekana matunda yake: mwaka 1917 mapadre Waafrika wa kwanza wa Tanganyika walipadrishwa, na miongoni mwao walikuwamo Oscar Kyakaraba na Wilbard Mupapi. Tazameni majina hayo. La pili kila moja ni la nyumbani kabisa. La kwanza kila moja lina sauti ya misitu ya kaskazini. Oscar hutumika kwa jina la Mtakatifu Ansgar, aliyehubiri katika Denmark na Sweden katika karne ya 9. Na Wilbard kwa umbo lake li jirani sana na Willibald.

Basi, watu hao wa misitu walikuwa nani, na walipeanaje majina?

Zamani za dola ya Kirumi, kaskazini yake walikaa makabila mengi yenye lugha za jamaa moja: Wafranka, Wasaksoni, Wagothi, Waalamani na wengineo. Kutokana nao wametokea Wajerumani, Waholanzi, Waingereza na watu wa Skandinavia. Kila mtu kwao alikuwa na jina moja tu, na jina hilo kwa desturi liliunganishwa kwa maneno mawili. Maneno yenyewe hayakuwa mengi sana, na yalichaguliwa katika mambo yaliyotukuzwa na watu wa vita: mkuki, kofia ya chuma, pigano, ushindi, sifa, utawala, ujasiri, mbwa-mwitu, dubu.

Mwenye kuyajua maneno machache ya namna hiyo aweza kuyafungua majina mengi kama kwa ufunguo mmoja. Bert ni kung'aa: Albert ni mwenye kung'aa kwa ungwana, Robert ni mwenye kung'aa kwa sifa, Herbert ni mwenye kung'aa jeshini. Hard ni nguvu na ushupavu: Gerard ni hodari wa mkuki, Bernard ni hodari kama dubu, Leonard ni hodari kama simba, Richard ni hodari katika utawala, na Burchard ni imara kama ngome. Rik ni mtawala: Henriki ni mtawala wa nyumba, Fredriki ni mtawala wa amani. Helm ni kofia ya chuma ya vitani: Wilhelm ni nia na kofia hiyo, Anselm ni mungu na kofia hiyo. Wolf ni mbwa-mwitu, naye yumo katika Adolf na Rudolf. Ludwig, Ludoviko wetu, ni mwenye sifa ya vita. Alfonsi ni mwungwana aliye tayari. Na Ildefonsi, jina lisilo geni katika nchi zetu, ni aliye tayari kwa pigano. Edwadi na Edmundi, majina ya Waingereza wa kale, yote mawili yasema habari ya kulinda mali. Karoli peke yake ni neno moja tu: mwanamume, mtu huru. Lakini mfalme Karoli Mkuu, aliyetiwa taji Roma siku ya Krismasi mwaka 800, alilikuza neno hilo hata Wapolandi na Wacheki wakalifanya neno lao la kumwita mfalme awaye yote.

Labda mtadhani kwamba wanawake walipewa majina ya maua. La, hasha. Getruda ni mkuki na nguvu. Matilda ni nguvu katika pigano. Hedwiga ni pigano na vita, maneno mawili yenye maana karibu moja. Adelaida tu ndiye aliyepewa ungwana bila silaha, na Frida amepewa amani.

Yafaa kutoa onyo hapa. Si kila jina lililounganishwa lasema sentensi kamili. Mara nyingi wazazi walichukua nusu ya jina la baba na nusu ya jina la mama au la babu, wakaunga, bila kujali kama maana zapatana. Malkia mmoja wa Wafranka, aliyekufa mwaka 597, aliitwa Fredegund, na jina hilo likitafsiriwa ni amani na vita pamoja! Katika shairi moja la kale la Kidachi mwatajwa Heribrand, mwanawe Hildebrand, na mjukuu wake Hadubrand: mwisho wa jina ulikuwa alama ya damu moja. Tena sauti hudanganya. Leonard ana simba ndani yake, lakini Leopold hana. Leo ya Leopold ni neno lenye maana ya watu, na jina zima ni jasiri miongoni mwa watu.

Sasa tufikie jambo lenyewe. Watu hao walipobatizwa, majina yao ya vita hayakutupwa. Mtakatifu Willibrord, aliyehubiri kwa Wafrisi, jina lake lina nia na ncha ya mkuki. Mwaka 695 Papa Sergius alipomweka kuwa askofu alimpa jina la Kilatini, Clemens, yaani mpole. Watu hawakulishika. Waliendelea kumwita Willibrord, na kwa jina hilo ndivyo anavyokumbukwa hata leo, nasi tunawabatiza watoto wetu Wilbrod. Mwenzake Wynfrid alipewa jina la Bonifatius mwaka 719, na hilo likashika. Basi yalitokea yote mawili, na hakuna aliyehesabiwa Mkristo zaidi ya mwenzake kwa sababu ya jina. Gertrud wa Helfta, aliyekufa mwaka 1302, alikuwa mtawa wa sala na vitabu, hakushika mkuki. Lakini watu kama yeye ndio walioufanya mkuki ule wa zamani kuwa jina takatifu. Jina lilitakaswa na mwenye kulichukua.

Ikiwa ni hivyo, tuyatazameje majina ya babu zetu? Siku zilizopita walikuwako watu, wageni na wenyeji, waliosema kwamba jina la Kihaya ni jina la kipagani, na kwamba aliyeendelea hana budi kuitwa kwa jina la Ulaya tu. Hoja hiyo haisimami. Kama upagani wa asili ungekuwa dosari ya jina, tungalipaswa kumfuta Ludoviko na Getruda kwanza, maana Mutalemwa hakutajwa kamwe mbele ya miungu ya Wasaksoni.

Tena tukiyaweka majina hayo bega kwa bega, twaona kwamba watunzi wake walifikiri karibu sawasawa. Wahaya walikuwa na desturi ya kujisifu mbele ya Mukama kwa maneno ya ushujaa, yaitwayo ebyebugo, na majina yetu mengi yana harufu ya baraza lile. Mutalemwa, asiyeshindwa, Rutashobya, asiyekosa: maneno hayo yangeeleweka mara moja kwa Mfranka wa kale. Majina ya wanawake mengi huanza na Koku-, kama Kokushubira na Kokutona, kama vile ya wanawake wa Kidachi yalivyojulikana kwa -hild na -gund mwishoni. Na Rugambwa limetoka katika okugamba, yaani kusema: ni yule anenwaye, mwenye kutajwa na watu. Nusu ya kwanza ya jina Ludwig, lile neno hlud, maana yake ni hiyo hiyo: aliyesikika, mwenye kutajwa. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, alipofanywa Kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa cheo hicho, dunia nzima ilimwita Kardinali Rugambwa. Jina lililotungwa katika migomba lilitajwa Roma, likatimiza maana yake.

Liko jambo moja lililotupambanua na Wadachi. Wao walimtwaa mnyama aliyesifiwa wakamtia katika jina la mtoto. Sisi tulimwacha mnyama akawa mwiko wa ukoo, omuziro, asiyeliwa wala kuumizwa na watu wa oruganda ule. Kwa hiyo Mhaya hakuhitaji jina la ukoo nyuma ya jina lake. Ukoo wake ulijulikana kwa omuziro, na kwa kibanja walimozikwa wazee wake.

Hapo twaingia katika habari ya majina ya ukoo. Wadachi nao hawakuwa nayo tangu mwanzo. Yalianza kutumika hasa tangu karne ya 12, miji ilipokua na kila mtaa ukajaa akina Heinrich na akina Konrad. Makarani wakaongeza neno la pili la kuwapambanua. Wengine waliitwa kwa kazi: Schmidt mhunzi, Müller msaga nafaka, Schneider mshona nguo, Weber mfuma nguo, Fischer mvuvi, Richter hakimu. Wengine kwa umbile: Klein mdogo, Lang mrefu, Schwarz mweusi. Wengine kwa mahali walipotoka, wengine kwa baba. Carl Peters, ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu, ni mtoto wa Peter. Ernst Johanssen wa Misioni ya Bethel, aliyefika Bukoba mwaka 1910, ni mtoto wa Johann. Na Johann si neno la Kidachi bali la Kiebrania. Mwaone basi: hata wao walipokea majina ya kigeni wakayafanya yao.

Mfano mmoja utawachekesha. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kimarekani alichimba Katuruka, si mbali na Bukoba, akafunua kazi ya wafua chuma wa Uhaya wa yapata miaka 2,000 iliyopita. Jina lake Peter Schmidt. Mtoto wa wahunzi wa Ulaya alikuja kuwatafuta wahunzi wa Afrika.

Lakini majina hayo ya ukoo hayakushika kila mahali kwa hiari. Wayahudi wa Prussia waliamriwa kuyachukua mwaka 1812. Wafrisi na Waholanzi wengi waliokuwa wakijiita kwa jina la baba tu waliamriwa na Napoleon mwaka 1811 wachague jina moja lisilobadilika. Watu wa Iceland mpaka leo, kwa sehemu kubwa, hawana jina la ukoo: mtoto huitwa kwa jina lake, kisha mwana wa fulani au binti wa fulani, na nchi yao haikupungukiwa na maendeleo. Basi jina la ukoo ni chombo cha karani, si kipimo cha ustaarabu.

Kwetu chombo hicho kililetwa na shule, mahakama na hati za safari. Katika nyumba moja ya Kihaya, kwa desturi, mtoto mmoja aliitwa Mutalemwa, wa pili Kaijage, wa tatu Rutashobya, nao ni wa baba mmoja. Karani alipouliza, "Jina la ukoo?" kila mmoja alijibu alivyoweza. Mmoja aliandika jina la baba, wa pili la babu, na wa tatu aliandika majina mawili ya ubatizo, lake na la baba yake, akawa Edward Leopold. Katika karatasi watu hao si ndugu tena. Mzee akifa, na neno la urithi wa kibanja likafika mahakamani, huyu Edward Leopold atafanya nini ili ajulikane kuwa ni mtoto wa kibanja kile? Omuziro wake haukuandikwa popote. Wazee waliomjua wamelala chini ya migomba. Na mjukuu wake, aliyezaliwa Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari, hatakuwa hata na neno moja la kumrudisha Kashozi. Jina lililopotea si sauti tu iliyopotea. Ni njia ya kurudi nyumbani iliyoota majani.

Hatusemi kwamba majina ya Kidachi yatupwe. Jina lililokaa katika nyumba kwa vizazi vitatu au vine si geni tena. Burchard Huwiler, Mswisi, alikuwa Vikari Apostoliko wa Bukoba tangu mwaka 1929 hadi 1946, na jina lake likaingia katika nyumba nyingi. Lakini mtoto aitwaye Burchard leo huenda amepewa jina la babu yake Mhaya, wala si la ngome ya Ulaya. Na binti aitwaye Getruda hakurithi mkuki. Alirithi bibi yake. Hata vita vya mwaka 1914 vyatufundisha jambo hili. Waingereza walipoipiga Bukoba mwezi wa Juni 1915, huenda mtu aitwaye William alimpiga risasi mtu aitwaye Wilhelm bila kujua kwamba jina lao ni moja. Majina hayana adui; wenye adui ni watu.

Shauri letu kwa wazazi, na hasa kwa walimu wenzetu wanaoshika orodha za watoto, ni dogo, na gharama yake ni daftari moja. Kila nyumba iandike kwa kila mtoto: jina la ubatizo na maana yake, jina la Kihaya, nani alilitoa na kwa sababu gani, oruganda na omuziro, baba, babu, na baba wa babu, na mahali kilipo kibanja. Mtoto anapoandikishwa shuleni, jina la nyumbani liandikwe zima, kwa herufi zake zilizo sahihi, wala lisikatwe kuwa herufi moja yenye nukta. Watoto wa baba mmoja wakipelekwa kuandikishwa, jina la mwisho liwe moja kwa wote, kwa mapatano ya nyumba, ili karatasi iseme kama damu isemavyo.

Mwalimu naye asiishie kuita orodha asubuhi. Amweleze Ludoviko kwamba ndani ya jina lake yumo shujaa aliyesikika, kisha amwulize Rugambwa kama halioni hilo katika jina lake mwenyewe. Watoto hao wawili, wakiisha kuelewa, hawataoneana haya. Jioni hii mwulizeni mzee aliye karibu nanyi maana ya jina lake, mkaiandike kabla taa haijazimwa.